Laptopu ya kioo king'avu au kisichong'aa? Jibu kwa msomaji wa Mji wa Kale

Swali: Mimi hufanya hesabu na kutafsiri hati za mizigo nikiwa nyumbani, Mji wa Kale, Mombasa. Mchana hukaa roshani kwa sababu ndani joto halistahimiliki, na usiku hurudi chumbani. Nimeona laptopu mbili kwenye duka moja la Moi Avenue, bei zinakaribiana. Moja kioo chake kinang'aa na rangi zake zinavutia mno. Ya pili kioo chake hakiakisi, lakini kinaonekana kama kimepauka. Muuzaji ananiambia ile ing'aayo ndiyo ya kisasa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye huhariri video za harusi na ataitumia usiku, naye anaitaka hiyo hiyo. Nichukue ipi? Je, ni kweli kioo king'avu huharibu macho? Na nikibandika ile plastiki ya kuzuia mwako, si itanitosha?

Jibu: Dada yangu, chukua isiyong'aa, ila kwa sharti moja: nguvu ya mwanga wake isipungue niti 300, na ukipata ya 400 shukuru. Niti ndicho kipimo cha mwanga unaotoka kwenye kioo kuja machoni. Laptopu nyingi za bei ya chini huja na niti 220 au 250. Kama hiyo uliyoiona imepauka kwa sababu ni ya aina hiyo, iache hapo hapo dukani, kwa sababu kutokuakisi peke yake hakutakusaidia roshani. Na kabla hujalipa chochote, kuna kazi ya bure ya kufanya nyumbani, nayo ni kuangalia kuna nini nyuma ya kiti chako. Hapo ndipo swali lako lilipo hasa, na ndipo nitakapokaa sana.

Kioo cha laptopu hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kinatoa mwanga wake, na kinarudisha mwanga wa nje unaokipiga. Kioo laini kisichopakwa dawa yoyote hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokifikia usoni. Asilimia 4 mtu huiona si kitu, mpaka apige hesabu.

Tuipige basi. Umekaa roshani saa tatu asubuhi, kichochoro kiko mgongoni mwako, na ng'ambo ya kichochoro kuna ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, umetazama jua. Tuseme ukuta huo unapata luksi 60,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kiasi cha kawaida kabisa kwa jua la asubuhi iliyotakata. Chokaa nyeupe hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga huo na kuutawanya pande zote, ndiyo maana luksi zinazorudi hugawanywa kwa 3.14 kupata niti, kwa hiyo ukuta wenyewe unang'aa kwa niti zipatazo 15,000. Asilimia 4 ya hizo ni niti 600. Sasa laptopu yako ina niti 250. Pale ambapo ukuta wa jirani unaangukia kwenye kioo, picha ya ukuta ina nguvu kuliko mara mbili ya ukurasa wako. Utabonyeza kitufe cha kuongeza mwanga mpaka mwisho, na bado utakuwa unasoma ukuta badala ya hati.

Na si ukuta tu. Mtu mwenyewe anayeketi mbele ya kioo naye anaakisiwa. Chukua kivuli cha roshani, ambako mwanga unaweza kuwa luksi 5,000 hivi. Mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe atarushia kioo king'avu takriban niti 50 za kifua chake. Mwanamke aliyevaa buibui nyeusi mahali pale pale atarusha kama niti 3. Hii ndiyo sababu watu wawili wanaweza kukaa kiti kimoja, kwa laptopu moja, mmoja akasema inasomeka vizuri na mwingine akalalamika haoni kitu, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Ukikaa roshani kufanya kazi, dera la rangi nzito litakusaidia kuliko leso nyeupe.

Niti 50 zina madhara gani? Angalia ile namba inayoandikwa kwenye sanduku, ya tofauti kati ya weupe na weusi wa kioo, ambayo mara nyingi ni 1,000 kwa 1. Hiyo ni ya chumba chenye giza. Ukiongeza niti 50 za kanzu juu ya kioo cha niti 250, weupe unakuwa 300 na weusi unakuwa 50. Elfu moja imeshuka ikawa sita. Kwa kioo cha niti 400, hesabu hiyo hiyo inakupa tisa kwa moja, ambayo macho huiona tofauti yake mara moja. Ndiyo maana nasisitiza nguvu ya mwanga kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akiniuliza kati ya laptopu isiyong'aa ya niti 220 na inayong'aa ya niti 500, kwa matumizi ya mchana ninamwambia achukue ya 500, kisha apange vizuri mahali pa kukaa.

Sasa, kisichong'aa hufanya nini hasa? Uso wake umetiwa vijikwaruzo vidogo visivyoonekana kwa jicho, kwa hiyo mwanga ukiupiga haurudi kwa njia moja, unatawanyika. Umeshaiona hali hii kwenye mkono wa bahari wa Tudor: alfajiri maji yakiwa shwari unaziona mashua zote ndani yake kichwa chini, na upepo ukianza kuvuma mashua zinapotea, kunabaki weupe uliotapakaa tu. Mwanga uliokuwa ukirudi haukwenda popote, umesambazwa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwa kuwa mwanga umesambazwa tu, kioo kisichong'aa hukusaidia sana pale kinachoakisiwa ni kidogo na kikali: balbu ya dari, taa ndefu ya tyubu, dirisha moja nyuma ya kochi. Taa iliyokuwa mstari mweupe mkali katikati ya jedwali lako la hesabu inageuka kuwa wingu hafifu ambalo jicho linalisahau. Lakini kinachoakisiwa kikiwa kipana, kama anga yote au ukuta mzima wa jirani, hakuna pa kuusambazia mwanga huo maana unatoka kila upande. Kioo chote kinapata ukungu mweupe. Herufi unaziona, ila zimefifia mwanzo hadi mwisho, na weusi unakuwa kijivu. Watu wengi hununua laptopu isiyong'aa wakidhani wataikalia barazani juani, kisha wanahisi wamedanganywa. Hawakudanganywa na kioo, walikitaka kifanye kazi isiyo yake.

Kwa hiyo rudi nyumbani kwanza ufanye hivi. Chukua laptopu yoyote, hata ya kuazima, au hata simu kubwa. Izime kabisa. Iweke mezani roshani pale pale unapokaa, ifungue kwa pembe ile ile unayoizoea, ukae. Kioo kilichozimwa ni cheusi, na kila unachokiona ndani yake ndicho kitakachokusumbua ukianza kazi. Kama unaona ukuta wa jirani au kipande cha mbingu, umeshalijua tatizo. Irudie kazi hiyo saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi jioni, kwa sababu Mombasa jua hucheza kwa namna yake. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Saa sita jua liko karibu na utosini, linapiga mapaa na sakafu ya kichochoro kuliko linavyopiga kuta, na halipenyi sana madirishani. Asubuhi linatoka upande wa bahari likiwa chini na linaingia mpaka ndani ya nyumba. Jioni linageukia upande wa bara. Meza iliyo sawa saa sita inaweza kuwa haifai kitu saa tatu.

Ukishajua, geuza meza. Mpango mbaya kuliko yote ni kuupa mgongo uwazi, kwa sababu ndipo kioo kinapoutazama ukuta ule. Watu wengi wakiliona hilo hugeuka kabisa wakatazama nje, na hilo nalo lina kasoro yake: kioo kinatulia, lakini macho yako sasa yanakabiliana na ukuta wa niti 15,000 pembeni ya laptopu ya 300, na mboni ya jicho itajikaza kwa ajili ya ukuta, si kwa ajili ya laptopu. Kaa ubavu. Uwazi uwe mkono wako wa kushoto au wa kulia, na nyuma yako kuwe na kitu kisichong'aa: mlango wa mbao, pazia zito, au ule uwazi wenye giza wa chumba cha ndani. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina milango na mbao za rangi nzito, na hizo ni rafiki wa kioo. Kama roshani yako ina mbao za kukingia jua, zile zinazopita upepo, zifunge upande wa jua wakati wa asubuhi, utakuwa umepunguza mwanga zaidi kuliko laptopu yoyote utakayonunua itakavyoweza kuongeza.

Kuna na pembe ya kifuniko. Laptopu ikiwa chini mezani, mtu huilaza kioo nyuma ili aione, na kioo kilicholazwa hutazama juu: dari, taa, mbingu. Ukiinyanyua juu ya kitu kigumu kiasi kwamba kioo kinasimama wima zaidi mbele ya macho, kinaanza kutazama kifua chako badala ya mbingu. Utahitaji kibodi ya kuchomeka, maana mikono haitafika vizuri, lakini kwa mtu anayeingiza hesabu siku nzima kibodi hiyo itakusaidia na shingo vilevile.

Na mchana acha kutumia ule mpangilio wa usuli mweusi wenye herufi nyeupe, ambao vijana wengi wanaupenda. Mwako huonekana zaidi juu ya weusi. Ukurasa mweupe wenye herufi nyeusi unaushinda mwako kwa wingi wa mwanga wake. Usiku chumbani fanya upendavyo.

Nije kwa muuzaji na neno lake la kisasa. Sikubaliani naye. Laptopu zilizoundwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, kwa miaka mingi zimekuja na vioo visivyong'aa, na nyingi zinaendelea hivyo hadi leo. Ulaya walishaweka sheria mwaka 1990 kuhusu watu wanaofanya kazi mbele ya kompyuta, na ndani yake imeandikwa kwamba kioo kisiwe na mwako wala maakisi ya kumsumbua mtumiaji. Na Apple, ambao laptopu zao zimekuwa za kung'aa kwa miaka mingi, mwaka 2024 walianza kuuza MacBook Pro yenye kioo kilichotiwa vijikwaruzo vya kuzuia mwako, kwa malipo ya ziada. Kinachofanya king'avu kivutie dukani ni duka lenyewe. Ndani kuna kivuli, taa zimewekwa juu zikielekezwa kwa ustadi, na video inayochezwa imechaguliwa kwa rangi zake. Katika mazingira hayo king'avu kweli ni kizuri, weusi wake ni weusi na rangi zake zimekolea, kwa sababu hakuna safu ya vijikwaruzo inayotawanya mwanga. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Ukirudi Moi Avenue, mwombe muuzaji mambo machache, na akikataa nenda duka lingine, mji huu hauna uhaba wa maduka ya laptopu. Kwanza achomoe chaja. Laptopu nyingi hupunguza mwanga zenyewe zikiwa kwenye betri, na wewe roshani utakuwa kwenye betri mara nyingi. Kisha panda mwanga hadi mwisho, ufungue jedwali la hesabu lenye herufi ndogo, si video. Igeuze laptopu kioo kitazame mlango wa duka, kule barabarani kwenye jua, wewe ukisimama kati ya mlango na kioo, kisha usogee pembeni. Soma tarakimu. Fanya hivyo kwa zote mbili, moja baada ya nyingine, mahali pale pale. Hapo utajua mengi kuliko nitakayokuandikia.

Halafu ile ing'aayo izime, uangalie taa ya dari inavyoakisiwa ndani yake. Ukiona taa ni nyeupe vilevile kama ilivyo juu, kioo hicho hakijapakwa dawa ya kupunguza mwako. Ukiiona imegeuka rangi ya zambarau au ya kijani na imefifia, basi kimepakwa, na hicho ni kioo cha daraja jingine. Dawa hiyo ni tofauti kabisa na vijikwaruzo. Yenyewe haitawanyi mwanga, inaupunguza, na iliyo nzuri huishusha ile asilimia 4 ikawa chini ya 2. Kama ing'aayo uliyoiona ina dawa hiyo, na ina niti 400 au 500, basi mdogo wako ana hoja, na umbali kati ya laptopu hizo mbili ni mdogo kuliko nilivyokuonyesha juu.

Ile isiyong'aa nayo ikague. Fungua ukurasa mweupe mtupu, usogeze kichwa polepole kushoto na kulia. Baadhi ya vioo visivyong'aa vina vijikwaruzo vya ovyo, na weupe wake huonekana kama umemwagiwa mchanga laini unaometameta. Kuna watu hawaoni kabisa, kuna watu wanaumwa kichwa kwa hilo. Wewe unayesoma hati siku nzima ni lazima ujue uko kundi gani. Kisha ukitazame kutoka ubavuni na kutoka juu. Rangi zikigeuka au picha ikawa kama imegeuzwa giza kwa nuru, hiyo ni teknolojia ya zamani ya TN, achana nayo. Unayoitaka ni IPS, ambayo rangi zake hazigeuki ukikitazama kioo kwa ubavu. Na kama laptopu ni ya mtumba kutoka Uingereza au Dubai, kuwa mwangalifu na zile zenye kioo cha faragha, zilizotengenezwa ili jirani kwenye ndege asisome kazi yako. Nyingi zilitumika maofisini na sasa ziko madukani kwetu kwa bei nzuri. Kuna kitufe cha kuwasha na kuzima faragha hiyo, lakini hata ikizimwa baadhi yake hubaki na giza ukizitazama kwa ubavu.

Mwulize muuzaji namba kamili ya modeli, uitafute kwenye simu uone niti zake. Usiridhike na jina la laptopu peke yake. Modeli moja huuzwa na vioo vya aina mbili au tatu, cha niti 250 na cha niti 400 vikiwa ndani ya mwili ule ule, na mtu hawezi kuvitofautisha vikiwa vimezimwa. Kama laptopu inaguswa kwa kidole, tarajia king'avu, maana nyingi za kugusa hufunikwa bamba la glasi. Kwa hesabu na tafsiri hulihitaji hilo, na alama za vidole vyenye mafuta zitakuwa mwako wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kuhusu mdogo wako. Watu wengi wanaamini kwamba kazi ya picha na video inataka kioo king'avu. Vioo vya EIZO ColorEdge, ambavyo wapigapicha na wahariri wa kitaaluma hununua kwa bei kubwa, having'ai. Usahihi wa rangi hautokani na uso wa kioo, unatokana na rangi ngapi kinaweza kuonyesha na jinsi rangi hizo zilivyorekebishwa. Amwulize muuzaji, au atafute kwenye maelezo, kama kioo kinafikia asilimia 100 ya sRGB, yaani kile kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta. Vioo vingi vya bei ya chini huandikwa NTSC asilimia 45, kipimo kingine cha rangi chenye maana kwamba rangi ni chache, na kwa hivyo nyekundu ya hina na dhahabu ya bibi harusi zitaonekana zimepooza kwake. Atazikoleza akidhani anarekebisha, kisha mteja atazifungua kwenye televisheni ya sebuleni na kuziona zimewaka kama taa za matatu. Hilo litampotezea wateja kuliko uso wa kioo utakavyoweza. Anachokosa kwa kisichong'aa ni ule weusi mzito wa chumba chenye giza, hasa kwenye picha za usiku ukumbini, na ni kweli atauona umepungua kidogo. Lakini yeye anafanya kazi usiku, anaweza kuzima taa iliyo nyuma yake. Wewe huwezi kuzima jua. Ndiyo maana kati yenu wawili ninapima kwa upande wako.

Macho: hapana, kioo king'avu hakiharibu macho. Mwako hauachi kidonda wala hauongezi namba ya miwani. Kinachotokea ni uchovu. Mtu anakodoa, anainamisha shingo kuukwepa mwako, anasogeza uso karibu, na kope zake hupepesa mara chache kuliko kawaida kwa hiyo macho yanakauka na kuwasha. Feni inayokupulizia usoni, ambayo kwa joto letu ni vigumu kuiepuka, huongeza ukavu huo. Ielekeze kifuani. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali kama mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Roshani yako inakupa nafasi hiyo bila gharama. Kichwa kikiendelea kuuma hata baada ya kupanga meza, nenda ukapimwe macho, kwa sababu huenda tatizo halina uhusiano na laptopu.

Plastiki ya kubandika ningekushauri uiache, kama bado hujanunua. Inapunguza mwako wa taa, hilo ni kweli, lakini inaongeza tabaka jingine juu ya kioo, herufi zinapoteza ukali na ule mmetameto wa mchanga huwa mkubwa kuliko wa kioo kilichotengenezwa hivyo kiwandani. Kwa laptopu nyembamba kuna hatari zaidi: nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno, na plastiki nene huweza kukikandamiza kioo kifuniko kinapofungwa. Inamfaa mtu ambaye tayari ana laptopu king'avu na hana njia ya kuibadilisha. Kwa mtu huyo pia kuna fundi. Laptopu nyingi ambazo si za kugusa zinaweza kubadilishwa kioo kutoka king'avu kwenda kisichong'aa, mradi fundi asome namba iliyo nyuma ya kioo chenyewe na kuhakikisha plagi yake inalingana, maana kuna za pini 30 na za pini 40 na hazibadilishani.

Ukishainunua, kuna suala la chumvi, na hapa pwani nalichukulia kwa uzito. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, huleta chumvi laini ambayo hutua kwenye kioo pamoja na vumbi. Ukikifuta kikavu kwa kitambaa unaisugulia chumvi hiyo juu ya kioo, na kwa kisichong'aa ukisugua mahali pamoja mara nyingi panakuwa laini na kubaki na doa linalong'aa daima. Zima laptopu, puliza au pangusa kwanza kwa brashi laini, kisha tumia kitambaa laini cha kufutia miwani kilicholoweshwa kidogo tu. Usitumie dawa ya kusafishia madirisha, nyingi zina amonia na hula dawa iliyopakwa kiooni. Na usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi, yakikauka yanaacha weupe unaoingia ndani ya vijikwaruzo na kutoka kwa shida. Maji ya chupa ya kunywa, yaliyomwagwa kwenye kitambaa na si kwenye kioo, yanatosha.